Akiba ya Uzeeni au Mtaji wa Biashara?

Limekuwa jambo la kawaida katika visiwa vyetu kumkuta mtumishi wa Serikali ambaye, baada ya saa za kazi, ana shughuli nyingine ya kumwongezea pato. Mwalimu ana duka la rejareja mtaani kwake. Muuguzi anauza barafu na maji baridi. Karani ana ng'ombe wawili wa maziwa huko shamba. Dereva ana fungu lake katika mashua ya uvuvi. Hatuna sababu ya kuwalaumu. Mshahara una mipaka yake, na aliyejaaliwa nguvu na wakati hana budi kuvitumia kwa halali. Lakini shughuli hizo zimezaa suali ambalo husikika barazani, sokoni na hata maofisini: fedha inayobaki mwisho wa mwezi, baada ya chakula, mavazi na mahitaji ya watoto wa skuli, irudishwe katika biashara ipate kukua, au iwekwe akiba kwa ajili ya siku za uzeeni?

Kila upande una watetezi wake. Wapenda akiba hutukumbusha kwamba akiba haiozi. Wapenda biashara hujibu kwamba fedha iliyolala haizai, na kwamba mwenye duka linalokwenda hahitaji kumngojea mlipaji wa pensheni. Wote wana sehemu ya ukweli. Ila kwa maoni yetu mabishano haya yameanzia mahali pasipo pake. Watu huuliza ni njia ipi kati ya hizo mbili yenye faida kubwa zaidi. Suali la kwanza lilipaswa kuwa jingine: ni ipi itakayoendelea kumlisha mtu siku ambayo hawezi tena kusimama nyuma ya meza ya biashara yake?

FAIDA NA UJIRA

Tuchukue mfano wa kubuni wa muuguzi huyo tuliyemtaja. Amepokea zamu yake ya upatu, shilingi 1,200,000, naye anafikiria kununua friza ya pili. Amepiga hesabu na kuona kwamba friza hiyo, baada ya kulipa umeme, sukari, matunda na mifuko, itamwachia shilingi 60,000 kila mwezi. Kwa hesabu hiyo fedha zake zitarudi katika miezi 20. Na ikiwa friza itadumu miaka sita, yaani miezi 72, itakuwa imeingiza shilingi 4,320,000. Ukitoa bei ya kununulia, inabaki faida ya shilingi 3,120,000. Hakuna mahali pa kuweka akiba kwa salama patakapompa ziada kama hiyo. Mtu yeyote angemshauri akainunue leo hii.

Ila hesabu hiyo imemsahau mtu mmoja, naye ni muuguzi mwenyewe. Kila jioni, akisharudi kutoka zamu, kazi ya friza hiyo itamchukua saa mbili: kuchuja maji ya matunda, kufunga mifuko, kuuza na kuosha vyombo. Tuseme kazi hiyo angempa kijana wa jirani na kumlipa shilingi 40,000 kwa mwezi. Faida ingeshuka hadi shilingi 20,000. Fedha zake zingerudi baada ya miezi 60 badala ya 20, na friza ingechakaa mwaka mmoja baadaye, ikiwa imemwachia shilingi 240,000 tu kwa miaka sita yote. Maana yake ni kwamba katika zile shilingi 60,000 alizoziita faida, theluthi mbili zilikuwa ujira wa mikono yake mwenyewe.

Hapo ndipo kilipo kiini cha jambo hili. Sehemu kubwa ya kile kinachoitwa faida katika biashara ndogo ni mshahara wa pili ambao mwenye biashara anajilipa bila ya kujua. Mshahara huo ni wa halali na una manufaa, lakini una sifa moja na ule wa kwanza: hukoma nguvu zinapokoma. Mtu mwenye umri wa miaka 35 anayeamka alfajiri kuoka mikate na kisha kwenda kazini hawezi kuitegemea biashara hiyo imtunze atakapokuwa na miaka 70, magoti yakiuma na macho yakiwa yamepungua nuru. Hakujiwekea akiba ya uzeeni. Amejiongezea kazi ya ujanani.

Kwa hiyo kipimo tunachokipendekeza ni chepesi. Kabla ya kurudisha shilingi katika biashara, mwenye biashara ajiulize: kama ningemlipa mtu mwingine ujira wa haki akae mahali pangu, je, biashara hii ingebakiwa na kitu? Ikiwa jibu ni ndiyo, biashara hiyo inaweza kuwa nguzo ya uzee, na mtaji uongezwe bila ya hofu kubwa. Ikiwa jibu ni hapana, basi biashara iendelee kama kazi, nayo ipewe heshima yake kama kazi, lakini isipewe jina la pensheni.

UPEPO HUBADILIKA

Sababu ya pili ya kutoikabidhi biashara moja maisha yetu yote ni kwamba sisi ni watu wa visiwa, na misukosuko inayotufika humpiga kila mwenye shughuli ya namna moja kwa wakati mmoja. Wenye mafriza hawajasahau. Mwaka 2008 kisiwa cha Unguja kilikosa umeme kwa muda wa karibu mwezi mmoja. Kisha kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 kikakaa gizani kwa miezi mitatu baada ya kuharibika kwa njia ya umeme inayotoka Tanzania Bara. Katika miezi ile friza iliyonunuliwa kwa jasho la miaka ilikuwa sanduku tu la kuwekea nguo.

Mwaka 2020, maradhi ya korona yalipofunga viwanja vya ndege duniani, wageni walikatika. Wauza vinyago, wapishi, wenye vyumba vya kupangisha, madereva wa teksi na wavuvi waliokuwa wakiuza pweza na kamba katika mahoteli wote walijikuta katika hali moja ndani ya wiki chache. Aliyekuwa amemaliza kila shilingi katika kuongeza chumba cha nne cha wageni alibaki na vyumba vinne vitupu. Aliyekuwa na chumba kimoja na akiba ya miezi michache alipita, ingawa kwa taabu.

Hata bahari yenyewe ina zamu zake. Kilimo cha mwani kwa ajili ya biashara kilianza katika pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, huko Paje na Jambiani, na kikawapa maelfu ya akina mama fedha walizozishika kwa mikono yao. Lakini ile aina yenye bei nzuri zaidi, inayojulikana kwa jina la kotoni, ikaja kufa katika sehemu nyingi kwa maradhi na kwa kupanda kwa joto la maji. Wakulima wakabaki na aina ya bei ya chini. Hakuna kosa walilolifanya. Walichokuwa wamekitegemea ndicho kilichobadilika.

Wazee wetu walilipata somo hilo kabla yetu. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, wakati ile ya Pemba kwa kiasi kikubwa ilisalimika. Mwenye shamba katika kisiwa kimoja tu, tena katika kile kilichopigwa, alisubiri miaka mingi mpaka miche mipya ikue. Mikarafuu ilikuwa mali, na yenye faida kubwa mno kwa zama zile. Hata hivyo kimbunga kimoja kilitosha.

AKIBA NAYO INA MARADHI YAKE

Tusije tukafahamika kwamba tunamshauri mwananchi auze mtaji wake wote na kuifungia fedha sandukuni. Akiba nayo ina adui, na adui huyo ni kupanda kwa bei. Walio watu wazima katika miaka ya 1980 wanakumbuka jinsi bei za bidhaa nchini Tanzania zilivyokuwa zikipanda kwa kiasi cha asilimia 30 hivi kwa mwaka. Kwa mwendo huo, fedha iliyofichwa chini ya godoro hupoteza nusu ya nguvu yake ya kununua kabla ya miaka mitatu kutimia. Siku hizi mwendo wa bei ni wa taratibu zaidi, lakini haujasimama.

Hesabu ifuatayo itaonyesha. Mtu anayeweka shilingi 50,000 kila mwezi kwa miaka 20 atakuwa ametoa jumla ya shilingi 12,000,000. Tukikisia kwamba fedha hizo zinakua kwa asilimia 5 kila mwaka, mwisho atakuta kiasi cha shilingi 19,800,000. Lakini tukikisia pia kwamba bei zinapanda kwa asilimia 4 kila mwaka, shilingi hizo zitanunua kile ambacho leo kinanunuliwa kwa shilingi milioni 9 tu. Funzo si kwamba akiba haina maana. Funzo ni kwamba shilingi 50,000 ya mwaka wa kwanza haipaswi kubaki shilingi 50,000 katika mwaka wa kumi na tano. Mchango wa akiba uongezeke kila pato linapoongezeka, na fedha yenyewe iwekwe mahali inapokua.

Hii ndiyo mojawapo ya hekima za michango ya hifadhi ya jamii kupimwa kwa asilimia ya mshahara: mshahara ukipanda, mchango nao hupanda bila ya mtu kukumbushwa. Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, ulioanzishwa kwa Sheria ya mwaka 1998, umejengwa juu ya msingi huo, na mwajiri huchangia zaidi ya kile anachokatwa mfanyakazi. Anayelalamika kwamba makato yale yangemfaa zaidi dukani kwake asisahau kwamba shilingi ya duka haina mwenzake wa kuiongezea shilingi nyingine siku hiyo hiyo.

Kuna pia wanaodhani kwamba upatu ni akiba ya uzeeni. Upatu ni jambo jema, nao umesomesha watoto na kuezeka nyumba nyingi Unguja na Pemba. Lakini upatu ni njia ya kukusanya, wala si ya kuhifadhi. Fedha ikishapokewa inatumika, na mzunguko unaanza upya. Wanaojiepusha na riba, nao ni wengi miongoni mwetu, wasione kwamba hawana mahali pengine pa kwenda. Benki ya Watu wa Zanzibar, iliyoanzishwa mwaka 1966, inazo pia huduma zinazofuata taratibu za Kiislamu.

Na yule asiyeajiriwa? Mvuvi, mkulima wa mwani, fundi seremala na mwenye genge hawana mwajiri wa kuwachangia. Kwa ajili yao Mfuko umeweka mpango wa kuchangia kwa hiari. Aidha, tangu Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar inawalipa Pensheni Jamii wazee waliotimiza umri wa miaka 70, bila ya kujali kama waliwahi kuajiriwa. Malipo hayo yalianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, na baadaye yakaongezwa. Ni jambo la kujivunia. Lakini mwananchi aangalie umri huo vizuri: kati ya miaka 60, ambapo nguvu za mvuvi huanza kumwacha, na miaka 70 ipo miaka kumi. Miaka hiyo kumi haina mlipaji mwingine isipokuwa mtu mwenyewe na wanawe.

UTARATIBU UNAOFAA

Baada ya kuyasema hayo, tunadhani msomaji anastahiki kupewa utaratibu anaoweza kuufuata.

Kwanza, biashara iwe na daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari, na wengi wanaosema kwamba biashara yao inawalipa zaidi ya akiba hawajapata kuiandika hata kwa miezi mitatu mfululizo. Katika daftari hilo mwenye biashara ajiandikie ujira wake kama angemwandikia mtu mwingine, na aandike pia kila kibaba cha unga na kila chupa ya mafuta inayotoka dukani kwenda jikoni kwake. Chovya chovya humaliza buyu la asali.

Pili, kabla ya akiba ya uzeeni na kabla ya kuongeza mtaji, iwepo fedha ya dharura ya kutosheleza mahitaji ya nyumba kwa miezi mitatu. Hiyo ndiyo itakayomzuia mtu kuuza cherehani yake kwa bei ya kutupa mtoto anapougua, au kukopa kwa masharti mazito wageni wanapokatika.

Tatu, biashara inayopita katika kile kipimo tulichokitaja ipewe mtaji, lakini nayo itoe mchango wa uzeeni kila mwezi, kama mwajiri anavyomtolea mfanyakazi wake. Hata ikiwa ni kidogo, kitolewe mwanzo wa mwezi na si mwisho, kwani mwisho wa mwezi huwa hapana kilichobaki.

Nne, uwiano ubadilike kwa umri. Kijana wa miaka 30 anaweza kurudisha sehemu kubwa ya faida yake katika biashara, kwa sababu akianguka anao muda wa kuinuka. Mtu wa miaka 50 hana muda huo. Kwake, kila mwaka unaopita sehemu ya akiba iongezeke na ile ya kujaribu mambo mapya ipungue, na asiweke rehani nyumba anayokaa kwa ajili ya mkopo wa biashara.

Tano, na hili ndilo tunalolisisitiza zaidi, kiinua mgongo kisiwe ada ya kujifunzia biashara. Mtumishi wa umma hustaafu kwa lazima akifika miaka 60. Ni hatari kubwa kwake kupokea kwa mkupuo fedha ambazo hajapata kuzishika maishani, kisha akazitia zote katika basi au duka la jumla ilhali hajawahi kuendesha hata genge. Anayetaka kufanya biashara baada ya kustaafu aianze akiwa bado kazini, kwa mtaji ambao hata ukipotea hautamlaza na njaa. Hapa ndipo biashara ndogo inapokuwa na faida isiyoandikwa katika daftari lolote: ni skuli. Aliyeuza barafu kwa miaka kumi anamjua mteja, anaujua msimu, anajua namna ya kukataa kukopesha ndugu bila ya kuvunja udugu.

WAJIBU WA SERIKALI

Itakuwa si haki kumtupia mwananchi mzigo wote huu. Zipo kazi ambazo hawezi kujifanyia mwenyewe. Mwajiri yeyote, awe wa umma au wa binafsi, anapaswa kuwasilisha michango kwa wakati, na mfanyakazi anapaswa kuwa na njia nyepesi ya kujua kila mwaka kwamba kile alichokatwa kimefika. Imani ya watu katika akiba ya pamoja ni kitu chepesi kuvunjika. Mfanyakazi mmoja aliyesumbuliwa na mafao yake huwakatisha tamaa majirani kumi.

Mafao nayo yalipwe mapema. Mzee anayezungushwa kwa miezi kabla ya kupata haki yake hukopa, na fedha zinapofika zimeshakuwa za watu. Tunawaomba pia maofisa wanaohusika na mpango wa hiari wasiwangojee wananchi mjini. Mkulima wa mwani hana siku ya kuipoteza garini. Maji yakitoka yuko kazini. Waende katika shehia na katika madiko, wakaeleze kwa lugha iliyo wazi kiasi gani kinatolewa, lini kinarudi, na nini kitatokea iwapo mchangiaji atakosa kulipa kwa miezi miwili mitatu kwa sababu ya msimu mbaya. Mwananchi haogopi kuchangia, anaogopa asichokifahamu.

Na wanaopanga mambo ya biashara ndogo, kuanzia leseni hadi mikopo, wakumbuke kwamba kila mkopo unaotolewa kwa mtu wa miaka 55 ni mkopo juu ya uzee wake. Utolewe kwa uangalifu, na uandamane na mafunzo ya kuweka hesabu.

Biashara na akiba si mahasimu. Mashua haiendi bila ya tanga, na biashara ndiyo tanga letu: hushika upepo na kutusogeza mbele. Lakini hakuna nahodha anayetweka tanga akasahau nanga nyumbani, kwa kuwa anajua iko siku upepo utageuka naye atataka kutulia mahali. Anayeendesha biashara leo na aiendeshe kwa bidii. Ila mwezi huu, kabla hajanunua friza ya pili, na afungue daftari, ajiandikie ujira wake, atazame kinachobaki, kisha atenge fungu la yule mzee atakayekuwa yeye mwenyewe miaka ishirini kuanzia sasa.